Neno 'Line' la Kiingereza na Makazi Yake katika Kiswahili: Mifano kutoka Kasense, Sumbawanga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi maana nyingi za neno moja la kawaida la Kiingereza, yaani 'line', zinavyogawanyika zinapoingia katika Kiswahili. Chanzo cha uchunguzi ni daftari la mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika kata ya Kasense, Manispaa ya Sumbawanga. Katika zoezi la tafsiri mwanafunzi huyo alipewa sentensi 'Drop me a line when you reach Mpanda', naye akaandika: Niangushie mstari utakapofika Mpanda. Aliyesahihisha alikata sentensi nzima kwa wino mwekundu na kuweka sifuri pembeni, bila kueleza kosa ni lipi. Mtoto alinijia na daftari lenyewe. "Shikamoo, mwalimu," alisema. "Katika kamusi 'drop' ni angusha, na 'line' ni mstari. Nimekosea wapi?"

Swali hilo halistahili kujibiwa kwa sifuri. Mwanafunzi huyu alifanya hasa kile alichofundishwa kufanya: alichukua neno, akalitafutia mwenzake, akaweka mwenzake mahali pa neno. Watoto wengi wa Ufipa hujifunza Kifipa nyumbani, kisha husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambacho kilifanywa lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo mwaka 1967, na wanapoingia sekondari hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Katika wiki moja ya masomo mtoto huyo anaweza kukutana na 'line' ya jiometri, 'line' ya ramani, 'line' ya shairi, 'line' ya wafalme katika historia na 'line' ya umeme katika fizikia. Akiwa na jibu moja tu mfukoni, atakosea angalau mara mbili katika tano, na kila kosa litahesabiwa kuwa ni la somo husika ilhali ni la lugha.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili hakina neno moja lililo sawa na 'line', na kwamba hali hiyo haitokani na upungufu wa msamiati. Inatokana na asili. Neno la Kiingereza na neno mstari vilianzia katika vitu viwili tofauti, na hadi leo kila kimoja kinakumbuka kilikotoka. Mifano mingi iliyotumika humu ni ya usemi wa kila siku unaosikika Kasense na katika mji wa Sumbawanga: dukani, shambani na mahali pa kuuzia mahindi. Haikukusanywa kwa dodoso, wala haidai kuwakilisha Mkoa wote wa Rukwa.

2.0 Uzi na Rula

Neno 'line' lina asili ya Kilatini. Shina lake ni neno lililotaja kitani, yaani mmea ambao nyuzi zake hufumwa kitambaa, na kutokana na shina hilo Walatini walipata 'linea', uzi wa kitani. Kwa hiyo maana ya kwanza kabisa ni ya kitu kinachoshikika: uzi, ugwe, kamba nyembamba. Maana nyingine zote zinaweza kuelezwa kwa kuanzia hapo. Uzi ukivutwa na fundi huonyesha unyoofu; alama inayoachwa na uzi huo ubaoni au ukutani huitwa jina la uzi; watu au vitu vilivyopangwa kana kwamba uzi umepitishwa kati yao hupewa jina hilo hilo; waya unaotandazwa kutoka nguzo hadi nguzo nao ni uzi; na vizazi vinavyofuatana, baba kwa mwana, huonekana kama vimefungwa katika uzi mmoja. Hii ni polisemia kamili, maana yake neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana.

Mstari haukuzaliwa na uzi. Shina lake ni la Kiarabu, lenye dhana ya safu ya maandishi, na kutokana na shina hilo hilo Waarabu wana neno la chombo cha kuchorea mistari, yaani rula. (Msomaji asilichanganye na shina lililotupa sitiri na sitara: kwa masikio ya Mswahili konsonanti ni zile zile, lakini katika Kiarabu herufi ya 't' ni mbili tofauti na mashina hayana udugu.) Kwa hiyo kiini cha mstari ni kalamu, karatasi na jicho linalosoma. Ni alama. Mstari unachorwa, unapigwa, unapangwa, unafuatwa, unasomwa. Haufungwi fundo.

Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini mstari unaweza kufika mahali ambapo 'line' haifiki. Katekista wa Sumbawanga anaposema "sura ya tatu, mstari wa kumi na sita", Mwingereza hawezi kutumia 'line' hapo hata kidogo. Ana neno lingine. Mstari umefika huko kwa sababu ni mtoto wa maandishi. Wafundishaji wa lugha hutaja mara nyingi maana za Kiingereza zisizo na jina katika Kiswahili, lakini ni nadra kutaja mfano wa upande huu wa pili, nao una nguvu ile ile.

3.0 Mahali Mstari Unapotosha

Katika hisabati maneno haya mawili hukutana bila ugomvi. Mstari mnyoofu, mistari sambamba, mistari inayokatana: mtoto aliyemaliza darasa la saba anazo dhana hizi zote, na mwalimu wa kidato cha kwanza anahitaji tu kumwambia jina jipya. Katika ushairi vilevile, ingawa hapo mstari una mwenzake, mshororo, ambao wanaushairi wengi wanaupendelea. Katika jiografia tunasema mstari wa ikweta.

Mfano wenye mizizi zaidi Ufipa ni wa kilimo. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayojulikana nchini kwa mahindi, na maofisa ugani wamehimiza kwa miaka mingi kupanda kwa mistari, kwa nafasi zilizopimwa. Kabla ya hapo Wafipa walikuwa wakijulikana kwa kilimo cha matuta ya mviringo, ambamo majani hufukiwa ili yaoze na kurutubisha udongo. Katika tuta la namna hiyo hakuna mstari wowote. Hivyo mkulima wa Kasense anapotamka "nimepanda kwa mistari", hasemi tu umbo la shamba. Anasema pia amefuata ushauri wa bwana shamba. Na kitu anachotumia kupata mistari hiyo ni kamba iliyofungwa kwenye mambo mbili. Mwingereza angeweza kuiita kamba hiyo na safu ya mahindi kwa neno moja. Mfipa anayesema Kiswahili hawezi: ile ni kamba, na hii ni mstari.

Upo pia mfano wa siasa. Katika miaka ya 1970 Tanzania, Zambia, Botswana, Msumbiji na Angola, na baadaye Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, ziliungana kupinga utawala wa makaburu na wa walowezi kusini mwa Afrika. Mwalimu Julius Nyerere aliuongoza umoja huo hadi alipong'atuka urais mwaka 1985. Kwa Kiswahili ziliitwa nchi zilizo mstari wa mbele. Hapa ndipo mstari ulipobeba maana ambayo awali haikuwa yake, yaani safu ya wapiganaji wanaomkabili adui. Ni tafsiri ya sehemu kwa sehemu kutoka Kiingereza, lakini imekubalika mno kiasi kwamba leo yeyote anayejitokeza kwanza katika jambo lolote, hata usafi wa soko, husifiwa kuwa yuko mstari wa mbele. Mwanafunzi wetu angeweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mstari wa mbele ni sahihi na niangushie mstari ni kosa. Jibu ni kwamba mstari wa mbele bado unaweza kuonekana kwa jicho: watu wamesimama, na mbele yao pana mpaka. Katika sentensi yake hakuna kinachoonekana. Kinachoombwa ni barua fupi, na Kiswahili kina kitenzi kinachotosha peke yake: Niandikie ukifika Mpanda. Nomino yote imeyeyuka ndani ya kitenzi.

4.0 Mahali Mstari Unapokataa

Panapohitajika kitu cha kushika mkononi, mstari hukataa kabisa. Nguo huanikwa kwenye kamba. Mvuvi hutumia mshipi. Mwashi anayetaka kujua kama ukuta umesimama wima huteremsha timazi. Treni hupita kwenye reli. Na ingawa Sumbawanga haina reli, wasafiri wake huijua ya Mpanda, tawi linalotoka Kaliua, na ya TAZARA inayopita Tunduma. Katika Kiingereza njia hizo huitwa kwa jina la uzi, katika Kiswahili kwa jina la chuma: tunasema Reli ya Kati.

Historia ya Ufipa inatoa onyo zuri kwa watafsiri. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 kuhusu dola za kale za Ufipa, Roy Willis anaeleza juu ya watawala wa Milansi, wanaohesabiwa kuwa wa kwanza, na juu ya Watwa walioingia baadaye na kutawala Nkansi na Lyangalile. Mwanahistoria anayeandika Kiingereza ataita kila kundi la watawala hao 'line'. Tukiandika mstari wa Milansi, msomaji wa Kasense, ambaye Milanzi ni kata jirani katika manispaa hiyo hiyo, atadhani tunazungumzia mpaka wa viwanja. Maneno yanayostahili ni ukoo, nasaba, au ukoo wa kitawala.

Lipo kundi jingine, la watu wanaosubiri kwa zamu. Hapa Kiswahili kimekopa Kiingereza, lakini hakikukopa 'line' wala neno la kawaida la Waingereza la jambo hilo. Kilikopa amri ya gwaride, 'fall in', ambayo askari waliisikia kila asubuhi, kikaifanya foleni. Msimu wa kuuza mahindi ukifika, wakulima hukaa foleni na malori nayo hukaa foleni. Mstari unaruhusiwa pia, lakini mstari ni wa wanafunzi uwanjani, ambapo kinachotakiwa ni unyoofu. Foleni haihitaji kunyooka, inahitaji zamu. Anayemwambia mzee aliyesubiri tangu alfajiri apange mstari amemfanya mtoto wa shule. Wenzetu wa Kenya wana mlolongo, neno lililopata uzito wa pekee mwaka 1988 wapiga kura walipotakiwa kujipanga hadharani nyuma ya wagombea wao badala ya kupiga kura ya siri. Tangu hapo ni vigumu kwa Mkenya wa rika fulani kulisikia neno hilo bila kukumbuka uchaguzi ule. Hakuna mstari wala foleni inayoweza kubeba kumbukumbu hiyo.

5.0 Laini

Tumefika mahali ambapo Kiswahili kilichukua neno lenyewe. Jambo la kuangalia ni kwamba hakikulichukua kwa sababu ya jiometri, wala kamba, wala ukoo. Kililichukua kwa ajili ya simu.

Neno simu nalo lina historia inayohusika hapa. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Simu ya kwanza iliyojulikana na Waswahili ilikuwa ya maandishi, iliyopelekwa kwa waya, na watu walisema "amepeleka simu" kwa maana ya ujumbe ulioandikwa. Kwa hiyo anayesema waya wa simu anasema, kiasili, waya wa waya. Na anayesema laini ya simu anasema uzi wa waya. Lugha haijali. Ikishasahau asili ya neno iko huru kulirudia kwa njia nyingine.

Katika enzi ya simu za mezani, laini ilikuwa ni njia ya mawasiliano kati ya nyumba na kituo: laini imekatika, laini ina kelele. Uhusiano na uzi ulionekana kwa macho kwenye nguzo. Kisha ikaja simu ya mkononi, ambayo haina uzi wowote. Kadi ndogo inayomtambulisha mteja ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1991, na simu za mkononi zikaanza kutumika Tanzania katikati ya miaka hiyo ya 1990. Waya ulipotoweka, jina lake halikutoweka. Liliruka likatua kwenye kadi. Hii ndiyo metonimia, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine kinachoambatana nacho: kadi ndiyo inayokupa njia, basi kadi ikaitwa njia. Kwa bahati tu, kifupisho cha Kiingereza cha kadi hiyo, SIM, kinafanana na simu yetu, na wako wanaoamini kuwa kimoja kimetokana na kingine. Havina uhusiano, kifupisho kile ni herufi za mwanzo za maneno matatu yanayohusu utambulisho wa mteja.

Tuangalie mifano ifuatayo, ambayo yote ni ya kawaida Kasense:

(1) Nunua laini mpya, hiyo imeharibika.
(2) Ana simu ya laini mbili.
(3) Laini yangu imefungwa.
(4) Anatafuta laini ya uwakala.

Katika (1) laini ni kadi, kipande cha plastiki kinachoweza kuanguka na kupotea. Katika (2) inaweza kuwa kadi au nafasi ya kuwekea kadi. Katika (3) hakuna kilichofungwa ambacho mkono unaweza kukigusa. Kilichofungwa ni huduma. Katika (4) laini imekwenda mbali zaidi. Tangu huduma za fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, laini ya uwakala ni idhini ya kufanya biashara, ni mtaji, ni jina katika daftari la kampuni. Uzi wa kitani umekuwa leseni.

Uzito wa maana hizi ulidhihirika wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019. Muda wa mwisho uliokuwa umewekwa, Desemba 31, 2019, ulisogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa. Tangazo zima lilitegemea msikilizaji kuelewa laini katika maana ya (3). Siku zile nilikuwa dukani Kasense alipoingia bibi mmoja akiwa ameishika kadi yake ndani ya leso. "Mjukuu wangu," alimwambia kijana wa dukani, "wanasema laini imefungwa. Nifungulie." Kijana alimwamkia, akamwuliza kama ana namba ya kitambulisho cha taifa. Bibi akamkabidhi ile kadi tena, akisisitiza kuwa haina ufa wala kutu. Mazungumzo yao yaliendelea kwa dakika kadhaa, kila mmoja akiwa sahihi katika maana yake. Pesa alizotumiwa na mwanawe zilikuwa ndani ya laini ya kijana, yaani akaunti. Yeye alikuwa ameshika laini nyingine.

Tatizo la pili ni kwamba Kiswahili tayari kilikuwa na laini. Hiyo ya kale ni kivumishi chenye asili ya Kiarabu, chenye maana ya kitu kisicho kigumu: kitambaa laini, ngozi laini, udongo laini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunieleza kwa ujasiri kwamba kadi ya simu huitwa laini kwa kuwa ni nyembamba na inapindika. Maelezo hayo yanapendeza lakini si ya kweli. Haya ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti, yaani homonimu, na sarufi inathibitisha hivyo bila kuhitaji historia. Laini ya kale ni kivumishi kisichobeba kiambishi cha upatanisho na ina watoto: lainika, lainisha, ulaini. Laini ya simu ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, inayotawala upatanisho wa maneno mengine (laini yangu imefungwa, laini zangu zimefungwa), na haina mtoto hata mmoja. Huwezi kulainisha simu kwa maana ya kuiwekea kadi. Kwa sababu hiyo sentensi "laini hii ni laini" si urudufu. Ni sentensi ya kawaida yenye kiima na kiarifu, na mzawa yeyote wa Kiswahili huielewa mara moja.

6.0 Kamusi na Darasa

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ina kazi ngumu mbele ya neno la aina hii. Frederick Johnson na wenzake waliotoa kamusi sanifu mwaka 1939, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyotoa yake mwaka 1996, wote walilazimika kupanga visawe vingi chini ya kidahizo kimoja. Mtumiaji aliyebobea huvichuja. Mtoto wa kidato cha kwanza huchukua kisawe cha kwanza na kufunga kitabu, nasi hatuna haki ya kumlaumu kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha namna ya kusoma kitomeo hadi mwisho. Kwa maoni yangu kipindi kimoja cha kusoma kitomeo kirefu cha kamusi, mwanzoni mwa kidato cha kwanza, kingeokoa sifuri nyingi. Mwalimu aanze na uzi. Akishika uzi darasani, akauvuta, akautia chaki na kuupiga ubaoni, wanafunzi wataona maana tatu za 'line' kabla hajafungua kinywa, na wataona pia kwamba Kiswahili kinaziita kwa majina tofauti.

Kwa upande wa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, lazima laini mbili ziwe vidahizo viwili, si maana mbili za kidahizo kimoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 isingeweza kuijua laini ya kadi, kwa kuwa kadi yenyewe haikuwapo duniani. Napendekeza vitomeo vifuatavyo:

laini¹ kv. (Kar.) -siyo gumu wala kukwaruza, -ororo: kitambaa laini, udongo laini. Nyamb. lainika, lainisha, ulaini.

laini² nm. [i-/zi-] (Kng.) 1 njia ya mawasiliano ya simu: laini imekatika. 2 kadi ndogo iwekwayo ndani ya simu ya mkononi ili kumtambulisha mteja: nunua laini. 3 namba au akaunti ya mteja wa simu: sajili laini, laini ya uwakala. 4 (Kenya) foleni: panga laini.

Maana ya 4 nimeiweka kwa kusita, kwa kuwa haisikiki Sumbawanga; lakini kamusi sanifu si ya mkoa mmoja. Mpangilio wa maana ya 2 na ya 3 nao unaweza kubishaniwa. Wapo watakaosema kadi itangulie, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Lakini kadi tayari zinaanza kuachwa, kwani zipo simu ambazo utambulisho wa mteja umo ndani ya chombo chenyewe, na mwenye simu hiyo bado anasema ana laini. Kitakapochapishwa kitomeo hiki, huenda maana ya 2 ikahitaji alama ya neno la zamani.